Choo cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hakuwahi kunigusa hata kwa ncha ya kidole. Alinirushia. Bonge la udongo, kata ya maji, katambuga, gunzi la mhindi, na siku moja kigoda alichokuwa amekikalia mwenyewe. Kilinipita sikioni kikaenda kumvunja jogoo mguu, na jogoo tukamla mchana ule ule. Mtu asiyezijua mila za ukoo wao angedhani mzee ana kichaa. Thubutu! Alikuwa na akili zake zote na heshima zake zote. Kwa mila yao mwanamume hamgusi mke wa mwanawe, hampi mkono, hamwiti jina, hata kusema naye uso kwa uso ni aibu. Kwa hiyo akinikasirikia, fimbo yake haiwezi kunifikia ikiwa mkononi mwake. Lazima iruke.

Na ugomvi wetu wote ulikuwa wa kitu kimoja tu: choo.

Choo chenyewe kilikuwa kimoja, cha shimo, cha mabati na mlango wa mbao, ng'ambo ya uwanja, mkabala na pale mzee alipopenda kuota jua. Mzee alikichimba mwaka ule bwana afya alipopita kutisha watu kwa faini. Na mkwe hachangii choo na mke wa mwanawe. Hata mzee awe amesafiri, hata awe kanisani. Changu kikikutana na chake mle shimoni ni sawa na kumvua nguo mbele za watu, na laana yake haimpati yeye wala mimi, inampata mtoto aliye tumboni. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake, naye aliamini kama anavyoamini kwamba jua litachomoza.

Mimi nimezaliwa Mang'ola, bondeni, kwenye vitunguu. Kwetu choo ni choo. Asubuhi ni foleni: baba, shangazi, vibarua, mpaka dereva wa lori anayesubiri mzigo, na anayekaa sana humo anagongewa mlango kwa matusi. Nilipoolewa huku juu, karibu na msitu wa hifadhi, nilidhani watu wananitania. Mama mkwe akanionyesha shamba la mahindi kwa kidevu. "Wewe ni kule," akasema.

Basi maisha yangu yakawa yanakwenda na mahindi. Yakiwa marefu niliishi raha mustarehe, naingia, natoka, hakuna anayejua. Balaa ilikuwa mavuno. Wakishavuna wanawaachia ng'ombe mabua, na baada ya muda mfupi ardhi inabaki nyekundu, tupu, hadi ukingo wa msitu. Ukichuchumaa unaonekana na majirani wote wa mlima. Ikabidi nitoke alfajiri, halafu nibane mpaka jua lizame. Na jua likizama, nyati nao wanatoka msituni kuja kutafuta masalia. Mama mmoja jirani yetu alitobolewa paja akiwa amechuchumaa. Walimbeba kwenye blanketi, na damu ilidondoka njia nzima hadi barabarani. Baada ya hapo hata jioni niliogopa. Nikaacha kunywa maji. Chai nilikuwa nalamba tu.

Nilimlilia mama mkwe. Alikuwa mwanamke mkavu, wa maneno ya kuhesabu, anachambua maharage bila kuinua macho. "Vumilia," akasema. "Mwanamke ni kuvumilia." Nikamchukia, nisiseme uongo. Nilimchukia kuliko mumewe, maana mumewe angalau alikuwa mwanamume.

Kiangazi kile mimba yangu ya kwanza ilitoka. Ilianza na homa, mgongo ukawa unapasuka, nikaanguka jikoni nikiwa nimeshika mwiko. Sisemi zaidi. Damu ilipoacha kumwagika kwa nguvu, mzee alisimama uwanjani akamuuliza mkewe, kwa sauti ya mimi kusikia, nyayo za nani zile karibu na choo. Zilikuwa zangu. Nilikuwa nimemfukuza kuku. Mzee akamgeukia mwanawe, mume wangu, dereva wa watalii, aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko, akamwambia, "Mfunze mkeo." Mume wangu akavua mkanda. Alinichapa nikiwa bado navuja, alinichapa huku yeye mwenyewe analia, na mimi kila nikipiga kelele naambiwa ninyamaze. Siku ile niliapa kwamba mkono wa mwanamume yule ukinirudia, nitautafuna. Nitafika huko.

Pa kupumulia nilipapata kazini. Hoteli moja ya watalii hapa Karatu ilikuwa inatafuta wasichana wa chumba cha masaji, na wakatuletea mwalimu, mama wa Kihindi, mfupi, mvi hadi kiunoni, mwenye vidole vya kuvunja karanga. Alitufundisha kukanda kwa mafuta ya ufuta na tiba ya kwao ya kale, Ayurveda. Kwanza niliipenda hoteli yenyewe, maana ilikuwa na choo cha wafanyakazi, kina kitasa na maji ya kuvuta. Lakini nilikuwa nimeshazoea. Mwili ukishafundishwa kubana, unabana hata mbele ya mlango ulio wazi.

Yule mama alinibamba siku za mwanzo kabisa. Nilikuwa namkanda mwenzangu, miguu nimeipishanisha, jasho linanitoka. Akanishika kifundo cha mkono.

"Wewe unabana mkojo."

"Hapana, Madam."

"Nenda!" Alinipigia ukelele, chupa ya mafuta ikayumba mezani. "Nenda sasa hivi! Unataka kufa umesimama?"

Niliporudi alinikalisha chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, akichanganya na Kiingereza, lakini nilimwelewa kuliko padri. Akasema, kwa wazee wa tiba yao, kuna mambo kumi na matatu ambayo mwili ukiyadai, usiyazuie: mkojo, choo kikubwa, hewa ya tumboni, chafya, mwayo, kucheua, kutapika, njaa, kiu, usingizi, machozi, ile pumzi ya kuhema baada ya kazi nzito, na mbegu za mume. Kila kimoja kikizuiwa kina ugonjwa wake. Chafya inakaza shingo. Machozi yanakwenda kuukalia moyo. Mkojo unaleta maumivu ya kibofu, ya kichwa, mpaka mtu anatembea amejikunja. Akaniambia kuna upepo mwilini ambao kazi yake ni kushuka. "Upepo huo unatoa mkojo," akasema, akinigusa chini ya kitovu, "na upepo huo huo unatoa mtoto. Ukiuzuia unapanda juu, unaharibu kila unapopita."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, hakuninyamazisha.

Sikuyaamini yote. Hilo la mwayo tulilicheka, tukawa tunapigiana miayo makusudi. Lakini alisema na jambo jingine ambalo liliniingia kama mwiba. Alisema yapo pia ya kuzuiwa, na hayo mtu ayazuie kwa nguvu zake zote: hasira, wivu, tamaa, maneno ya kuumiza, na mkono unaotaka kupiga. Nikaifikiria nyumba yetu. Loh! Sisi tulikuwa tumegeuza. Mkojo tulibana, machozi tulibana, mama mkwe hata chafya aliimeza kwenye khanga. Kupiga tu ndiko kulikokuwa na ruhusa.

Nilimweleza mume wangu, akacheka. Kule kreta anakopeleka watalii, akasema, hakuna kushuka kwenye gari ovyo, simba hawana mzaha, na yeye anabana tangu geti la kuingilia hadi la kutokea na ni mzima wa afya. Nikamjibu, mzima gani anayekojoa kwa kuguna kama ng'ombe anayezaa? Akanizaba kofi, nikaona nyota. Kiapo changu nilikimeza, maana hapo mimba ya pili ilikuwa imeshaingia, ila sikuwa nimemwambia bado.

Alipojua, alifurahi. Mzee alifurahi kuliko wote, na hili lazima niliseme, maana bila hilo mtamwona shetani. Alichinja kondoo, akaagiza niyeyushiwe mafuta ya mkia ninywe. Kila asubuhi alimuuliza mkewe, mimi nikiwa hatua chache tu pale, "Mzigo wetu umelalaje?" Alimtaka mtoto yule kwa moyo wake wote. Mimba ilipokuwa kubwa akatoa amri: mke wa mwanawe hatasugua migongo ya Wazungu na mjukuu wake tumboni. Nikaachishwa kazi, nikarudishwa nyumbani. Na nyumbani mahindi yalikuwa yamevunwa.

Mgongo ukaanza. Nikaenda zahanati, nesi akapima mkojo akasema ni UTI, tena kali. Akanipa vidonge akaniambia, "Kunywa maji mengi, na usibane hata kidogo, unasikia?" Nilicheka mpaka nesi akaudhika. Ninywe maji mengi nikayapeleke wapi, jamani?

Lakini safari hii sikukubali kuficha. Mficha uchi hazai. Nikamwambia mama mkwe wazi, mbele ya mume wangu, kwamba mtoto wa kwanza aliuawa na kubana, na huyu simuui. Nitatumia choo. Mzee alikuwa nyuma ya ukuta, akasikia kila neno. Kesho yake asubuhi alihamisha kigoda chake akakiweka mlangoni pa choo, akakaa na fimbo magotini. Akawa analinda. Anakula pale, anasinzia pale, akienda zizini anamwita mkewe amshikie zamu, na usiku anakitia kufuli. Kila nikikaribia, bonge la udongo linakuja. Bega langu lilikuwa na rangi zote. Na kila akirusha anamwambia mbwa, maana mimi hawezi kunisemesha, "Mwambie asimuue mjukuu wangu. Mwambie tulishazika mmoja."

Sisi wawili tulikuwa tunampigania mtoto yule yule. Mimi najua akinizuia atakufa. Yeye anajua akiniachia atakufa. Mtu wa namna hiyo unamshindaje?

Jumapili moja mchana, baada ya kanisa, homa ilipanda mpaka meno yakagongana. Mkojo ulikuwa moto, na hautaki kusubiri tena, na tumbo limekaza kama ngoma. Mtoto alikuwa hajacheza tangu asubuhi. Nilimgusa, nikamtikisa, kimya. Nikasimama. Nikajiambia, liwalo na liwe.

Mume wangu alikuwa anaosha gari la kampuni uwanjani. Mama mkwe alikuwa na ungo wake mlangoni. Mzee aliponiona naelekea choo aliinuka.

"Mama! Mwambie huyo arudi ndani!"

Mama mkwe aliendelea kupepeta. Mzee akarusha fimbo. Ilinipata kwenye ugoko, nikasikia mfupa unalia. Sikusimama. Likaja bonge, likapasukia kwenye paji la uso, damu ikaniingia jichoni. Sikusimama.

"Mshike mkeo!" mzee akamfokea mwanawe. "Mshike, atatuulia mtoto!"

Mume wangu akaja mbio, mikono ina povu la sabuni, akanikamata kwa nguvu akanivuta nyuma. Kofi la kwanza likanipata kwenye taya. La pili nililipokea kwa meno. Niliuma mkono ule mpaka nikasikia chumvi ya damu, nikaendelea kuuma, akapiga yowe kama mbuzi, akaniachia. Kipande cha ngozi yake nilikitema chini. Ebo! Miaka mingapi nilikuwa nakitaka.

Akabaki mzee, mbele ya mlango, mikono mitupu. Ameshamaliza vya kurusha. Na hapo, nikiwa nachuruzika damu, akili ikanijia. Huyu mtu hawezi kunigusa.

Nikapanua mikono yangu kama mtu anayekwenda kumkumbatia baba yake aliyetoka safari, nikamwendea.

Uso wake! Sijawahi kuona mwanamume akiogopa vile, na kule kwetu watu wanakutana na chui. "Mshikeni! Mshikeni jamani, atanigusa!" Akarudi nyuma. Nikasogea. Akarudi tena, kisigino kikajikwaa kwenye gogo la kuni, akaanguka chali juu ya mkono wake, na ule mkono ukalia kah! sote tukasikia. Nikamruka. Nikaingia chooni, nikafunga komeo.

Mkojo ulitoka kama maji ya moto, na damu ndani yake. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulifika Endulen, ng'ambo ya msitu. Nje mume wangu alikuwa anaupiga mlango mateke na kunitukana, mabati yanapiga kelele, mpaka bawaba zikang'oka na mlango ukaniangukia begani. Alinikuta nimelala kwenye sakafu ya choo cha baba yake, nguo zimelowa, macho yamegeuka. Hasira ikamwishia palepale. Akaniinua kwa mkono mzima na ule niliouuma, akanitupia kwenye kiti cha watalii, akaondoa gari. Nyuma nilimsikia mzee anaomboleza, amekumbatia mkono uliovunjika: "Ameshamuua. Mjukuu wangu, ameshamuua."

Hospitali walinilaza upande, sindano huku, sindano kule, uchungu ukaanza kabla ya wakati wake. Nesi akaniambia nisipige kelele. Nilimwambia nitapiga, na nikapiga. Mtoto alitoka mdogo, wa kike, kama paka aliyenyeshewa, akakaa kimya. Wakampiga makofi miguuni. Kimya. Wakampiga tena, wakamsugua, mimi namtukana Mungu kwa lugha zote ninazozijua, halafu akalia. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alisema maneno ambayo mume wangu aliyasikia kwa masikio yake: "Mkojo uliokaa umepandisha ugonjwa kwenye figo. Mngesubiri kesho mngezika wawili." Mume wangu alikaa chini sakafuni, bandeji mkononi, akajifunika uso.

Nadhani mnafikiri nyumbani tulipokelewa kwa kuombwa radhi. Weee!

Tuliporudi uwanja ulikuwa umejaa majirani, akina mama na vigelegele vyao. Mzee alikuwa kwenye kigoda, mkono mmoja kwenye plasta, amenyoa ndevu, amevaa koti la harusi. Mama mkwe akampokea mtoto kwangu, akampelekea mzee, akamlaza kwenye mkono wake mzima, kisha akarudi kukaa kizingitini na ungo wake. Mzee alimtazama, akamnusa utosini. Kisha akainua uso kwa majirani.

"Mnamwona?" akasema. "Nililinda choo kile mchana kutwa, mnanijua. Aliniponyoka mara moja tu, na mtoto akatoka mdogo hivi. Angeingia kila siku, leo tungekuwa makaburini. Mimi ndiye niliyemponya huyu."

Na wale watu wakatikisa vichwa! Wakasema kweli, mzee, Mungu akubariki. Mume wangu, aliyemsikia daktari, akatazama matairi ya gari.

Akina mama walikuwa wamenishikisha sufuria ya uji wa mzazi, wa moto, unachemka bado. Naapa, niliupima umbali hadi usoni pa mzee. Yule mama wa Kihindi alinifundisha nizuie hili, na mimi nikamwambia moyoni, Madam, hili siwezi, nisamehe. Nikapiga hatua.

"Na wangu?"

Sauti ilitoka chini, kwenye kizingiti. Ilikuwa ndogo, na hakuna aliyeitambua kwa haraka, maana hakuna aliyeizoea. Mama mkwe aliweka ungo chini.

"Wangu walikuwa wawili kabla ya huyu dereva," akamwambia mumewe. "Baba yako naye alilinda choo. Mimi sikumponyoka. Sikukanyaga hata kivuli cha choo kile. Nilibana mpaka nikatembea nimejikunja, nikavumilia kama mlivyotaka, wewe na yeye. Kama kulinda kunaponya, wako wapi?"

Majirani wakatazamana. Kwa mila yao mtoto aliyezaliwa mfu hapewi jina, wala haliliwi; anafukiwa, watu wanarudi shambani.

Mama mkwe akainuka, akamtoa mtoto mkononi mwa mumewe, akanipa mimi. Sufuria nikaiweka chini. Kisha akakaa mavumbini katikati ya uwanja, miguu kainyoosha mbele, akafunua kichwa, akaanza kulia kwa sauti kubwa mbele ya watu wote, akiita majina mawili ambayo hakuna mtu pale, hata mumewe, aliyewahi kuyasikia.